Watoto 42,000 wa West Nile: Kirusi Kisichojionyesha na Saratani ya Taya

Kati ya mwaka 1972 na 1974, watoto wapatao 42,000 wa wilaya ya West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, walitolewa damu wakiwa wazima. Wakubwa wao walikuwa na miaka 8, na wadogo walikuwa bado wa kunyonya. Hawakuwa wamekuja kutibiwa. Seramu, yaani majimaji ya damu, ilitenganishwa na chembe za damu, ikagandishwa na kuwekwa akiba, kisha watafiti wakakaa kusubiri. Walijua kwamba baadhi ya watoto hao, wachache sana, wangeota uvimbe wa saratani miaka ya mbele. Walitaka kujua kama damu iliyochukuliwa mapema ilikuwa tayari imebeba dokezo lake.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu swali lililowapeleka watafiti West Nile bado linaulizwa kila siku. Mzazi akisikia kwamba kuna virusi vinavyoleta saratani, na kwamba vinaweza kumwingia mtoto bila homa wala kipele, kitu cha kwanza anachotaka ni kipimo. Ana haki ya kukitaka. Lakini kipimo gani, na majibu yake yasomwe vipi? West Nile ilitoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Kuwa na kirusi walichokifuatilia, kile cha Epstein-Barr, hakukumtofautisha mtoto mmoja na mwingine hata kidogo. Kilichowatofautisha ni kiasi ambacho mwili ulikuwa umepambana nacho.

Uvimbe ulionekana kabla ya kirusi

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, alikuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alipoitwa mwaka 1957 kumwangalia mtoto mwenye uvimbe kulia na kushoto kwa taya, juu na chini. Haukuwa usaha, wala haukufanana na uvimbe wowote aliouzoea. Muda si mrefu, akiwa hospitali ya Jinja, akakutana na mtoto mwingine mwenye uso ulioharibika vilevile, na alipompapasa tumbo akakuta kuna uvimbe huko pia. Mtoto mmoja angeweza kupita kama jambo la nadra. Wa pili alimfanya Burkitt arudi kwenye majalada ya hospitali, na humo akawakuta wengine waliokuwa wameandikiwa majina tofauti ya magonjwa: huyu saratani ya taya, yule ya figo, mwingine ya jicho. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake. Leo tunaiita limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B, yaani zile chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, protini ambazo mwili hupambana nazo na vijidudu.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari maili 10,000 hivi kupitia nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kila hospitali waliyofika walionyesha picha na kuuliza: watoto wa namna hii mnawapata? Majibu yalichora ukanda. Ugonjwa ulikuwepo kwenye joto na mvua, ukapungua kadiri ardhi inavyopanda, na kwenye nyanda za juu zenye baridi haukuonekana. Mpaka unaofuata joto na mvua unamfanya mtu afikirie mbu, na mbu wanamfanya afikirie maambukizi.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege kutua London, ikapelekwa Manchester, na sampuli ikafika imechelewa na maji yake yamechafuka. Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba imeingiwa na bakteria na ni ya kutupwa. Epstein aliweka tone chini ya hadubini kabla ya kuitupa, akaona kwamba ule uchafu ulikuwa seli hai za saratani zilizobanduka na kuelea. Seli hizo zilikubali kukua maabara. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba ndani yake kuna kirusi kipya cha jamii ya hepesi. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr, kwa kifupi EBV.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Werner na Gertrude Henle, mume na mke waliokuwa watafiti Philadelphia, walitengeneza kipimo cha kingamwili za kirusi hicho. Walipopima damu za Wamarekani wenye afya, wasiojua lolote kuhusu saratani ya taya, wengi walikuwa nazo. Baadaye ikathibitika kwamba zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanakibeba. Anayekipata ujanani anaweza kuugua homa ya matezi kwa wiki kadhaa. Anayekipata utotoni mara nyingi haugui kabisa, au anapata mafua ambayo hakuna atakayeyakumbuka. Kirusi kinaingia kwa mate, kinajificha ndani ya seli B, na hakitoki tena maisha yote.

Kwa hiyo mnamo mwisho wa miaka ya 1960 hali ilikuwa hivi: kirusi kimekutwa kwenye uvimbe, watoto wenye uvimbe wana kingamwili nyingi mno dhidi yake, lakini watoto wa jirani wasio na uvimbe nao wanacho. Katika vijiji vya West Nile karibu kila mtoto alikuwa ameambukizwa kabla ya kufikisha miaka mitatu. Mtu angeweza kudai, tena kwa hoja nzuri, kwamba kirusi ni abiria tu. Saratani imeota, seli B zimeongezeka, na kirusi kinachoishi ndani ya seli B kikaongezeka nazo. Kumpima mtoto ambaye tayari anaumwa kusingemaliza ubishi huo kamwe. Ilibidi kumpima kabla.

Kusubiri kwa makusudi

West Nile haikuchaguliwa kwa bahati. Ted Williams, yule wa safari ya 1961, alikuwa daktari wa hospitali ya misheni ya Kuluva karibu na Arua, na alikuwa ameweka kumbukumbu za kila mtoto mwenye limfoma ya Burkitt aliyepita mikononi mwake: anatoka wapi, na ameanza kuugua lini. Kutokana na daftari hizo yeye na wenzake walionyesha mwaka 1967 kwamba wagonjwa wa miaka ya 1961 hadi 1965 hawakutawanyika ovyo. Walijikusanya, mahali fulani kwa wakati fulani, kama inavyotokea kwenye magonjwa ya kuambukiza. Kwangu mimi daftari hizo ni nusu ya kisa hiki. Bila mtu aliyeandika kwa uangalifu katika hospitali ya pembezoni, hakuna shirika la kimataifa ambalo lingejua pa kwenda.

Shirika lililokwenda ni lile la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, tawi la Shirika la Afya Duniani. Guy de-Thé na Anton Geser walikuwa miongoni mwa waliouongoza utafiti. Waliingia na dhana zinazopingana, na huo ndio uzuri wa mpango wao, kwa sababu kila dhana ilitabiri kitu tofauti kitakachokutwa kwenye seramu zilizogandishwa.

Ikiwa saratani inatokana na kuchelewa kuambukizwa, kama ambavyo homa ya matezi huwapata wanaokutana na EBV ujanani, basi watakaougua watakuwa wale ambao damu yao ya mwanzo haikuwa na kingamwili. Ikiwa inatokana na maambukizi ya mapema na mazito, basi damu yao itakuwa na kingamwili nyingi kuliko za wenzao, tena muda mrefu kabla ya uvimbe. Na ikiwa kirusi ni abiria, basi damu ya kabla haitakuwa na tofauti yoyote na ya watoto wengine.

Kwa nini watoto 42,000? Kwa sababu hata katika ukanda wake saratani hii huwapata watoto wachache tu kati ya kila 100,000 kwa mwaka. Ukitoa damu watoto 1,000, unaweza kusubiri miaka mingi usipate hata mgonjwa mmoja.

Upimaji wenyewe unastahili kuelezwa, maana ndani yake ndimo lilimo jibu. Seramu ya mtoto huzimuliwa nusu kwa nusu: sehemu moja kwa kumi, kisha kwa ishirini, arobaini, themanini, na kuendelea. Kila mzimuo hudondoshewa juu ya seli zenye kirusi zilizokaushwa kwenye kioo. Kama seramu ina kingamwili za ganda la kirusi, zitanata. Kisha huongezwa kingamwili nyingine inayozitambua kingamwili za binadamu, nayo imefungwa kwenye rangi inayong'aa kijani chini ya mwanga wa urujuani. Anayesoma anainama kwenye hadubini ndani ya chumba cha giza na kutafuta mzimuo wa mwisho ambao bado unang'aa. Mtoto mmoja anaishia 1 kwa 80, mwingine 1 kwa 640. Wote wawili wangepewa jibu la "chanya" kwenye karatasi ya kawaida ya maabara, kana kwamba hali zao ni sawa.

Kilichopatikana

Ripoti iliyochapishwa mwaka 1978 katika jarida la Nature ilikuwa na watoto 14 waliotolewa damu wakiwa wazima na baadaye wakapata limfoma ya Burkitt. Seramu zao za zamani zilitolewa kwenye barafu zikapimwa pamoja na za watoto wazima wa umri, jinsia na eneo lilelile.

Dhana ya kuchelewa ilianguka. Hawa hawakuwa watoto walioingiwa na kirusi karibuni. Walikuwa nacho muda mrefu kabla ya uvimbe. Dhana ya abiria nayo ikatikisika, kwa sababu tofauti ilikuwepo wakati mtoto bado anacheza na hana hata dalili moja. Mtoto ambaye kingamwili zake za ganda la kirusi zilizidi wastani wa wenzake kwa mizimuo miwili au zaidi, yaani mara nne au zaidi, alikuwa na hatari ya kupata saratani hiyo mara 30 ukilinganisha na wengine. Ufuatiliaji uliendelea hadi mwaka 1979, na tathmini ya mwisho ya mwaka 1982, ikiwa na watoto 16, ilifika palepale.

Mara 30 ni namba nzito. Na ni hapa, kwa maoni yangu, kisa hiki husomwa vibaya kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mtu akiiona tu anaruka na kusema: basi tuwapime watoto wote, wenye kingamwili nyingi tuwafuatilie.

Tufanye hesabu. Wagonjwa 14 kati ya 42,000 ni mtoto 1 kati ya 3,000 katika miaka ile ya ufuatiliaji. Hatari ya mtoto wa kawaida, asiye na kingamwili nyingi, lazima iwe chini ya hapo. Hata ukichukua hiyo 1 kwa 3,000 ukaizidisha mara 30, unapata 1 kwa 100. Maana yake, kati ya watoto 100 ambao kipimo kingewaweka kwenye kundi la kuogopewa, 99 au zaidi wasingepata saratani hii. Ungewaambia nini wazazi wao? Hakuna dawa inayokitoa EBV mwilini. Hakuna picha ya kumpiga mtoto kila mwezi ambayo ingewahi, maana uvimbe huu ni kati ya zile saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote: unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyepigwa picha Jumatatu akaonekana mzima anaweza kuwa na uvimbe wa kuonekana kwa macho kabla ya mwezi kwisha.

Namba ileile iliyotosha kuthibitisha kwamba kirusi kinahusika haitoshi kumwambia mama mmoja chochote kuhusu mwanawe mmoja. Kuthibitisha chanzo ni kazi moja, na kubashiri mgonjwa ni kazi nyingine. Watu wengi wenye nia njema huyachanganya mambo haya mawili, na anayeumia ni mzazi anayerudi nyumbani na karatasi yenye neno "chanya" pasipo mtu wa kumweleza.

Kuna shimo jingine ambalo watu wa maabara wanalijua vizuri. Mtoto wa miezi mitatu akipimwa kingamwili za EBV, jibu litakuwa chanya karibu kila mara, na kingamwili hizo si zake. Ni za mama, zilipita kwenye kondo la nyuma kabla hajazaliwa, na huisha polepole katika miezi ya mwanzo. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya kwa kufuatilia watoto tangu wachanga ulilazimika kutafuta DNA ya kirusi chenyewe kwenye damu ili kujua mtoto ameambukizwa lini hasa. Kisumu, ambako malaria ni ya mwaka mzima, takriban theluthi moja ya watoto walikuwa wameshaambukizwa kabla ya miezi sita. Nandi, ambako kuna mwinuko na malaria si kali, maambukizi yalichelewa zaidi kwa wastani. Waliokipata mapema walikuwa na shida zaidi ya kukidhibiti: DNA ya kirusi iliendelea kuonekana kwenye damu yao kwa wingi. De-Thé alikuwa ameshauliza mwaka 1977 kama ugonjwa huu unahusiana na kuambukizwa mara tu baada ya kuzaliwa.

Mshirika aliyekuwa akionekana kila siku

EBV iko London na Chicago pia, na watoto wa huko hawaoti uvimbe wa taya kwa wingi. Kwa hiyo West Nile ilijibu nusu ya swali. Nusu nyingine ni malaria.

Mpaka ule wa joto na mvua alioutafuta Burkitt ni mpaka wa malaria ya falsiparamu inayoambukiza mwaka mzima. Kwa muda mrefu watu walijua kwamba malaria huzisukuma seli B zizaliane mno na kwamba hudhoofisha chembe za kinga zinazolinda dhidi ya EBV. Baadaye ikaonekana kitu kinachogusa kiini cha saratani yenyewe. Seli B ikifundishwa kutengeneza kingamwili bora hukata na kuunga DNA yake kwa kimeng'enya maalumu. Malaria hukichochea kimeng'enya hicho. Kikikata mahali pasipostahili, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC kinaweza kuhamia kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili ambazo kwenye seli B zinafanya kazi usiku na mchana. MYC ikikaa hapo haizimiki, na seli inajigawa bila breki. Kwa kawaida seli yenye hitilafu kubwa namna hii hujiua. EBV huizuia isijiue. Malaria inaongeza idadi ya makosa, kirusi kinalilinda kosa moja lisifutwe.

Jaribio la kulithibitisha hili lilifanywa Tanzania. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, North Mara, watoto wa chini ya miaka 10 walipewa klorokwini ili malaria ipungue, na watafiti wakahesabu wagonjwa wa limfoma ya Burkitt. Wagonjwa walipungua. Tatizo ni kwamba walikuwa wameanza kupungua hata kabla dawa haijagawiwa, na wakati huohuo klorokwini ikaanza kushindwa na vimelea. Watafiti waliandika hivyo wazi, bila kulazimisha ushindi. Nawaheshimu kwa hilo. Ingekuwa rahisi mno kuonyesha mstari unaoshuka na kunyamaza.

Mahali ambapo kumpima mtoto kunaokoa

Nisieleweke kwamba napinga upimaji wa maambukizi ya kimya. Inategemea kirusi.

Homa ya ini B ni mfano wa upande wa pili. Mtoto anayeambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa haonyeshi chochote, hana hata manjano machoni, lakini uwezekano wa kirusi kubaki ndani ya ini lake kwa muda mrefu ni kama asilimia 90. Mtu mzima akiambukizwa, chini ya asilimia 5 ndio hubaki nacho. Hapa ndiyo na hapana zina maana, kwa sababu kirusi hakiko kwa kila mtu, na jibu linafungua mlango wa hatua: mama hupimwa akiwa mjamzito, mtoto huchanjwa ndani ya saa 24 tangu azaliwe, na aliyekwisha kuambukizwa hufuatiliwa ini na kupewa dawa inapohitajika. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984. Saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14, iliyokuwa 0.70 kwa kila 100,000 katika miaka ya 1981 hadi 1986, ilishuka hadi 0.36 miaka ya 1990 hadi 1994. Mbali na uvutaji sigara, sijui mfano mzuri zaidi wa saratani iliyozuiwa kwa kuziba chanzo chake.

Hata EBV yenyewe hupimika kwa faida ukibadilisha saratani na umri. Hong Kong, wanaume 20,174 wasio na dalili walipimwa DNA ya EBV kwenye maji ya damu kutafuta saratani ya nyuma ya pua, ambayo ni ya kawaida kusini mwa China. Waliorudiwa kipimo na bado kikawa chanya walikuwa 309, na kati yao 34 walikutwa na saratani, wengi ikiwa bado changa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kipimo kilifaa kwa sababu saratani hiyo hukua taratibu, kwa hiyo kuna muda wa kuikamata, na kwa sababu walitafuta DNA inayomwagwa na uvimbe uliopo tayari badala ya kingamwili za maambukizi ya zamani.

Fikra hiyohiyo sasa inajaribiwa kwa limfoma ya Burkitt nchini Tanzania na Uganda, lakini kwa watoto ambao tayari wana uvimbe unaotiliwa shaka. Badala ya kungoja kinyama kikatwe, kisafirishwe na kusomwa na mtaalamu wa patholojia, jambo ambalo huweza kuchukua wiki nyingi, watafiti wanatafuta vipande vya DNA ya saratani na ya kirusi kwenye damu ya mgonjwa. Kwa saratani inayojizidisha kila siku moja au mbili, kufupisha wiki hizo ndiko kumpa mtoto nafasi. Ningependa fedha zielekezwe huko kabla ya mtu kufikiria kuwapima watoto wazima.

Kwa mzazi na kwa mhudumu wa zahanati, kinachosaidia leo ni macho. Mtoto wa miaka 6 kulegea meno ya mbele ni kawaida, ndio umri wake. Magego kulegea kadhaa kwa pamoja, fizi zimevimba, na hakuna jino lililooza, hiyo si kawaida. Hiyo ni limfoma ya Burkitt mpaka ithibitishwe vinginevyo, na isiishie kung'oa jino na kumpa mtoto antibiotiki huku siku zikienda. Jicho linalotokeza nje ndani ya siku chache, tumbo linalojaa haraka likadhaniwa ni wengu la malaria au minyoo, miguu inayoishiwa nguvu ghafla au mkojo unaoziba kwa mtoto aliyekuwa akikimbia wiki iliyopita: zote ni za kupelekwa hospitali kubwa siku hiyohiyo.

Inaniuma kuandika hivi kwa sababu saratani hii inatibika. Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukiyeyuka kwa dozi chache za dawa, na kituo cha limfoma kilichofunguliwa Kampala mwaka 1967 ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 8 kati ya 10 hupona. Palepale ugonjwa ulipogunduliwa, wengi hufika wamechelewa au hukatisha dawa kwa sababu familia haiwezi kukaa mjini miezi mingi.

Limebaki lile swali la North Mara, na sasa lina nafasi ya kujibiwa upya. Chanjo ya EBV haijaidhinishwa, ingawa Epstein aliipendekeza tangu mwaka 1976. Chanjo ya malaria ipo. Septemba 2019 Kenya ilianza kuitoa Homa Bay, na eneo la majaribio lilihusu kaunti za kanda ya ziwa na magharibi, ndani kabisa ya ukanda wa Burkitt, baadhi ya sehemu zikianza mapema na nyingine zikisubiri. Watoto waliochanjwa kwanza sasa wanaingia umri ambao uvimbe wa taya hushika zaidi, miaka 5 hadi 9. Hospitali za kanda hiyo zikiandika kila mgonjwa, kijiji chake, tarehe aliyoanza kuvimba na kama alichanjwa, kama Williams alivyoandika Kuluva, itawezekana kulinganisha maeneo hayo mawili na kuona kama malaria ikipungua EBV hukosa mshirika wake.